Fundi wa Daraja Asiyethubutu Kusema "Pita"

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili, wachezaji kumi na watatu wamejipanga ukingoni mwa mto, nje kidogo ya Mwandiga, na hakuna anayethubutu kusogeza mguu. Mbele yao kuna daraja jipya la waya na mbao, urefu mita ishirini na mbili. Chini yake maji ya masika yanakimbilia Ziwa Tanganyika kwa kishindo, rangi yake kama chai ya maziwa.

Ng'ambo amesimama peke yake mtu aliyelijenga. Ameshavuka, akarudi, akavuka tena. Mkono wake wa kulia unainuka nusu, kisha unashuka.

"Kocha, tuje?" anapaza sauti nahodha, Dunia Assani.

Kocha anachuchumaa na kuukagua tena waya.

Huyu ni Sajini mstaafu Zefania Bukuru, miaka thelathini na tisa, mkazi wa Katubuka, mjini Kigoma. Mchana ni fundi wa madaraja wa wilaya. Jioni anawafundisha mpira vijana wa mtaa wake. Mwaka 1979, katika vita vya Uganda, alikuwa katika kikosi cha wahandisi. Kazi yake ilikuwa kuchokoa ardhi kwa chuma chembamba, akitafuta mabomu yaliyofukiwa. Aliyatoa arobaini na moja.

"La arobaini na mbili sikuliona," alimwambia mwandishi huyu juzi.

Kikosini kwao kulikuwa na desturi: aliyesafisha njia ndiye anayetangulia kuipita. Siku hiyo Zefania alikuwa amechoka, akakaa chini kufunga kamba za buti. Rafiki yake Oswald, mtu wa Kasulu, akamuuliza kama njia ni safi. Akamjibu, "Pita."

"Nilikuwa bado nimeinama niliposikia mlipuko," alisema.

Tangu hapo neno hilo halimtoki kinywani. Uwanjani Katubuka hakuna mchezaji anayekanyaga nyasi kabla kocha hajauzunguka uwanja wote, akichomachoma ardhi kwa spoki ya baiskeli. Watazamaji humtania kwamba anatafuta viazi. Wachezaji wake hawacheki. Akimaliza hasemi kitu. Hupiga filimbi tu.

Lakini daraja halifunguliwi kwa filimbi. Mwaka jana gogo la kuvukia lililokuwa hapa lilichukuliwa na maji, pamoja na mwanamke aliyekuwa akitoka shambani. Watoto sitini wa kijiji cha ujamaa cha ng'ambo hawajafika shuleni tangu masika haya yaanze. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Pastory, anataka wavuke kesho. Kinachongojwa ni kauli ya fundi, naye ameshaomba mara mbili aongezewe wiki.

Si kwamba daraja ni bovu. Kwa siku tatu lilibeba viroba themanini vya mchanga, uzito wa watu zaidi ya hamsini, na halikushuka zaidi ya vidole vitatu. Hata hivyo anaogopa, na ukikaa naye kidogo tu utaanza kuogopa nawe. Mwandishi huyu alijikuta akikagua misumari, kana kwamba anajua lolote kuhusu misumari.

"Mvua ikianza tu kugonga bati, anavaa buti," anasema mkewe, Marcelina. "Nikimuuliza aendako, ananiambia anakwenda kusikiliza mto. Mimi nabaki naogopa mto, namwogopa na mume."

Leo timu inacheza ng'ambo, saa nne. Marcelina yuko ukingoni, kikapu cha jezi kichwani. Anautazama mkono ule unaoinuka na kushuka. Kisha anavua kandambili na kukanyaga ubao wa kwanza.

"Mama Verediana, ngoja!" sauti ya Zefania inapasuka.

"Nimengoja miaka miwili tangu utoke vitani, Baba Verediana. Kupima umepima. Niite!"

Daraja linayumba. Amefika katikati, mkono mmoja kwenye waya, na hapo miguu inamgomea. Haendi mbele wala harudi. Wachezaji wamejishika vichwa.

"Niite," anarudia kwa sauti ndogo.

Zefania anauinua mkono mpaka juu.

"Pita," anasema. Halafu kwa nguvu, "Pita, mke wangu. Njia ni safi. Pita!"

Hafumbi macho mpaka mkewe anafika. Anapompokea kikapu, kinamponyoka na jezi zinamwagika matopeni. Hakuna anayejali. Kisha anawaita wachezaji, mmoja mmoja, kwa majina, na kila mmoja anaitika "Ego, kocha," yaani ndiyo kwa Kiha, kabla ya kukanyaga ubao.

Timu inafungwa mabao matatu kwa moja, ikiwa na jezi chafu. Baada ya mechi Zefania anamwambia Mzee Pastory awalete watoto kesho saa moja. Atatangulia kuvuka, asimame upande wa shule na kuwaita wote sitini.

Na baada ya hapo anatumaini nini? Anayatazama mawingu yanayojikusanya upande wa ziwa.

"Natamani mvua inyeshe usiku kucha, ya radi," anasema. "Asubuhi mke wangu anieleze ilivyonyesha. Mimi nishangae."