Manjano kwenye Chakula cha Kuku

Mvua za mwaka ule hazikukatika. Maji yaliingia hata stoo yangu ya mtaani Tudor, nilimoweka magunia ya chakula cha kuku. Nilikuwa nimefiwa na mume, na kuku arubaini wa mayai niliowafuga uani ndio walionilisha mimi na binti zangu wawili.

Kuku wakaanza kuzubaa. Mbawa zililegea, mayai yakapungua, na kwa siku nne wakafa sita. Jirani akanishauri nichinje waliobaki niwauze upesi.

"Simuuzii mtu nyama ya kuku mgonjwa," nikamjibu.

Nikamtia kikapuni mmoja aliyekufa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alimpasua mbele yangu. Ini lilikuwa limevimba, limegeuka rangi ya kiini cha yai.

"Chakula kimeota kuvu," akasema. "Ina sumu, na sumu hii haina sindano. Kifukie chote."

Nilichimba shimo mwenyewe, nikamwaga gunia baada ya gunia.

Khalati yangu, nduguye mama, alikuwa akiuza dawa za miti mtaa wa Ndia Kuu. Nilipomweleza, alinifungia manjano na habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi.

"Mwanangu, mtu akiugua ini twampa hivi. Kuku naye si ana ini?"

Nikarudi kwa daktari kumuuliza. Hakucheka. "Huenda vikasaidia ini," akasema, "lakini havisafishi chakula kibovu. Kwanza chakula kikavu."

Nikashika yote mawili. Nilinunua mahindi mapya, nikayachambua punje kwa punje, nikitupa kila iliyobadilika rangi. Magunia niliyainua juu ya mbao. Jua likichomoza kidogo tu, naanika. Wingu likijikusanya, naanua. Kisha natwanga manjano na habasoda, nachanganya kidogo kwenye chakula. Mikono yangu ilikuwa ya manjano wiki nzima nzima, na binti yangu mkubwa akanung'unika kwamba nyumba yanuka mchuzi na nyama haionekani.

Hata hivyo wengine waliendelea kufa. Kila asubuhi niliingia bandani nikiogopa kutazama chini, na kila asubuhi niliingia.

Ishirini na saba walipona. Walipoanza kutaga tena, nilimpelekea daktari mayai. Akaniuliza, "Unadhani kilichowaponya ni manjano au ni mahindi makavu?"

"Sijui, daktari," nikamwambia. "Na siachi hata kimoja."