Mirija Kumi na Tisa

Kila siku ya kazi, saa moja kasorobo asubuhi, fundi wa rejeta za magari aliinama juu ya sanduku lake la vifaa akajifanya anatafuta kitu. Hakuwa anatafuta kitu. Saa hiyo ndipo kaka yake alipopita barabarani kwa miguu, amevaa sare ya ulinzi iliyompwaya mabegani, akienda kufungua geti la ghala la saruji. Mtu aliyeshika usukani miaka thelathini sasa alikuwa akiwafungulia wengine wapite na magari yao.

Kaka hakupita moja kwa moja. Alikata kona, akaingia kibandani, akaketi juu ya tairi kuukuu na kupokea kikombe chake cha chai.

"Dogo, bado unatafuta? Hilo sanduku lina kisima?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tafuta, tafuta, utatoa mafuta."

Fundi wa betri, jirani wa kibanda cha pili, alicheka kwa sauti. Yeye ndiye aliyembandika fundi wa rejeta jina la Bubu, na jina likamganda kama lami. Si kwamba hakuwa na ulimi. Alikuwa nao mzima, ila ulikuwa mzito kunyanyuka. Mteja akija, alipokea rejeta, akaziba matundu yake makubwa kwa mpira, akajaza upepo na kuizamisha katika pipa la maji. Mapovu yalipotokea alionyesha kwa kidole. Mapovu yalimtosha kwa mazungumzo.

"Mcheke tu," kaka alimwambia fundi wa betri. "Kama si mikono ya huyu, pikapu yangu ingekufa miaka mitano kabla ya siku zake. Mdogo wangu huyu ni daktari."

Sifa hiyo aliirudia kila wiki, na kila mara ilimchoma fundi kuliko tochi yake ya gesi.

Kaka ndiye aliyemleta kwenye kazi hii. Baba yao alipofariki, kaka alikuwa utingo wa lori, na mdogo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya msingi, hana mbele wala nyuma. Kaka akamshika mkono, akamfikisha kwa fundi mzee na kumwambia, "Huyu haongei, lakini ana macho." Miaka ikapita. Kaka akawa dereva, na alipoacha kuajiriwa akanunua pikapu iliyotumika ili imlinde uzeeni. Alibeba mchanga, makabati, magunia, na mara moja alimbeba bwana harusi aliyechelewa.

Rejeta ya pikapu ilikuwa na mirija arobaini. Ndani ya mirija hiyo ndimo maji ya moto ya injini hupita na kupozwa na upepo. Mmoja ulipotoboka, fundi aliuziba kwa lehemu juu na chini. Mrija uliozibwa hauvuji tena, lakini pia haupitishi maji tena. Mmoja si kitu. Wawili si kitu. Kila alipoziba, alichora kwa msumari mstari mdogo mgongoni mwa rejeta, halafu akapaka rangi nyeusi juu yake.

"Mgonjwa wako analia tena," kaka alisema kila alipokuja. "Mfute machozi."

Naye alifuta. Alipoziba mrija wa kumi na tatu, alijua. Rejeta ilikuwa imekwisha, shaba yake nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukiziba hapa inatoboka pale. Siku hiyo alipiga moyo konde. Kaka alikuwa ameshaingia garini, kiwiko nje ya dirisha.

"Kaka..."

"Enhe?"

Atamwambiaje mtu aliyemfanya awe mtu kwamba gari lake limekufa, na kwamba mikono anayoisifu haiwezi tena?

"Usisahau kubeba maji," alisema.

"Ndiyo maana nakupenda," kaka alijibu, akapiga honi.

Tangu hapo kaka hakutoka bila dumu la maji nyuma ya kiti. Na fundi akaendelea kuziba: wa kumi na nne, wa kumi na tano, hadi wa kumi na tisa.

Injini ilifia kwenye mlima, mchana wa jua kali, pikapu ikiwa na vigae hadi juu. Mshale wa joto uliruka kwenye nyekundu, boneti ikatoa moshi. Kaka alizima gari akangoja, lakini mwenye vigae alikuwa pembeni yake akipiga kelele kwamba mafundi wake wamekaa bure. Kaka akakumbuka dumu. Alifungua kifuniko kwa kitambaa, mvuke ukatulia, akamimina maji baridi ndani ya chuma kilichokuwa kinaungua. Alisikia ta! kama glasi iliyodondoka sakafuni. Injini ilipasuka. Ya kuweka badala yake haikupatikana, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya geti.

Pikapu ilikaa nyuma ya nyumba ya kaka mwaka mzima, majani yakaota hadi kwenye milango, mpaka wanunuzi wa chuma chakavu walipoelewana naye.

"Nenda kaifungue ile rejeta kabla hawajaja," kaka alimwambia fundi. "Wachukue yote, hiyo nataka kuitundika ukutani. Ni kazi ya mikono yako."

Fundi aliifungua Jumapili, akaileta barazani kwa kaka. Kaka akachukua kitambaa, akaanza kuifuta kama mtu anayemwogesha mtoto. Rangi kuukuu ikabanduka.

"Hii mistari ni nini, Dogo?"

Angeweza kusema ni mikwaruzo tu. Safari hii alijikaza.

"Ni mirija niliyoziba."

Kaka alihesabu kwa ukucha. "Kumi na tisa. Kati ya mingapi?"

"Arobaini."

"Ulijua lini kwamba imekwisha?"

"Kwenye wa kumi na tatu."

Ukucha wa kaka ulirudi kwenye mstari wa kumi na tatu. "Ile siku uliponiambia nibebe maji?"

"Hiyo hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, kaka. Wewe ndiye uliyenileta. Nikuambieje?"

"Kwa mdomo," kaka alisema taratibu. "Ungeniambia kwa mdomo. Kazi zilikuwepo wakati ule, ningepata hela ya rejeta nyingine."

Aliilaza rejeta chini, akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Ingekuwa afadhali angefunga kwa kishindo.

Kuanzia Jumatatu alipita upande wa pili wa barabara. Fundi hakuinama tena sandukuni. Alisimama, akamimina vikombe viwili, kimoja kikapoa. Hata fundi wa betri aliacha utani.

Wiki ya tano kaka alivuka. Mkononi alikuwa na birika.

"Shemeji yako anasema linavuja. Uliangalie."

Fundi alilizamisha pipani. Mapovu yalitoka kitako kizima kama uji unaochemka. Mikono ilitaka kwenda kwenye lehemu. Akaizuia.

"Limekufa, kaka. Nikiziba hapa litatoboka pale. Nunueni jingine."

Kaka alilipokea, akalikung'uta maji. Alimtazama mdogo wake, bila hasira na bila kucheka.

"Kumbe maneno yenyewe ni mafupi hivi," alisema.

Alichukua chai, akainywa kwa mafunda mawili, amesimama. Tairi lake lilikuwa palepale, wala hakulitazama. Kisha akarudisha kikombe, akalitia birika kwapani na kwenda kufungua geti.