Manjano, Nami Nikasikia Majani

Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilikuwa karani katika ofisi ndogo mjini Gitega, iliyowaunganisha tena ndugu waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Watu wengi wa Butihinda, kule Muyinga karibu na mpaka, walikuwa wamerudi kutoka Tanzania baada ya kukulia huko, na kila mmoja alikuja na jina la mtu aliyebaki: kaka, shangazi, baba mdogo. Karani mwenzangu wa Butihinda, mwanamke ambaye naye alikulia Tanzania, aliwaandika kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa mtu mmoja, akaupaka kila mstari rangi kulingana na hali yake, kisha akanitumia. Mimi nilikuwa na majina ya wanaotafuta upande wa Gitega. Kazi yangu ilikuwa kuyakutanisha.

Nilisoma hadi sekondari, na kompyuta niliifahamu nikiwa na mvi. Kwa hiyo siku nilipofaulu kuandika makro nilijiona mtu. Makro ni amri unazoiandikia kompyuta mara moja, na baada ya hapo unabonyeza kitufe kimoja tu, inazitekeleza zote. Yangu ilikuwa fupi: ishuke mstari kwa mstari, itazame rangi ya kisanduku chenye jina, na kama rangi ni ile ya kesi zilizokwisha, iufiche mstari huo. Kabla yake nilikuwa nikichuja kwa macho asubuhi nzima. Baada yake kazi ilikwisha chai ikiwa bado ya moto.

Ilibaki kujua rangi ipi ifichwe. Nikampigia simu mwenzangu.

“Dada, hizi zenye zilishaisha, iko rangi gani?”

“Manjano, baba. Za manjano zifunge, nyingine zote ziache.”

“Majani?”

“Ndiyo, manjano.”

“Sawa. Merci, dada.”

Katika mtaa wa Waswahili nilikozaliwa, rangi ya manjano tunaiita jone, kwa Kifaransa, na kijani tunaiita rangi ya majani. Manjano nililijua kama neno la vitabuni. Sikuwahi kulisikia sokoni wala nyumbani. Simu ilikuwa ikikatakata, na sikio langu likachukua neno lililolizoea. Nikaiamuru makro ifiche mistari yote ya kijani.

Wakati huo alianza kuja mtu wa Makebuko, upande wetu wa Gitega. Alikuwa mkulima, mdogo kwangu kwa miaka michache, na alikuwa akimtafuta dada yake. Dada huyo alipelekwa Tanzania akiwa mgongoni mwa shangazi yao, bado ananyonya. Yeye alibaki. Alikuwa na kikohozi kibaya. Hospitalini walimwambia jambo ambalo hakulirudia mbele yangu. Alisema tu kwamba angependa kumwona dada yake akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Alikuja kila Jumanne. Tulisema Kirundi.

“Mutama, dada yangu amefika?” Ndivyo alivyoniita, mutama, mzee, ingawa naye alikuwa mzee.

“Bado.”

“Hiyo mashine yako imetazama vizuri?”

“Mashine haichoki kutazama. Wewe nenda kalime.”

“Basi iambie mimi ndiye ninayechoka.”

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite ndipo akasimama.

Kila alipokuja nilibonyeza kitufe changu, nikatafuta jina la dada yake katika mistari iliyobaki. Halikuwamo. Lakini mstari ukifichwa, namba yake upande wa kushoto hufichwa nao, na namba zinazobaki huruka: 117, 118, 120. Mruko huo niliuona. Sitasema sikuuona. Kila Jumanne niliuona, nikajiambia huyo wa 119 ameshakutana na watu wake.

Dalili nyingine zilikuwepo. Siku moja nilimpigia simu mama mmoja wa Mutaho kumpa habari njema kwamba mdogo wake yuko Butihinda anamtafuta.

“Muzee, huyo tulishaonana zamani,” akasema. “Iko hapa, anamaliza maharage yangu. Kama unamtaka, njoo umuchukue.”

Mstari wa mdogo wake ulikuwa wa manjano. Ilitokea tena, mara mbili, kwa watu wengine wa mistari ya manjano. Nilichofanya ni kuwachekesha wenzangu ofisini: hawa waliokulia Tanzania, Kiswahili kirefu, kazi fupi. Simu ilikuwa mezani. Ingenichukua dakika moja kumuuliza tena. Lakini mimi mzee, mwenye makro, nimuulize mwanamke mdogo maana ya neno la Kiswahili? Sikio lilikosea mara moja tu. Yaliyofuata yalikuwa yangu.

Jumanne ya kumi hakuja. Ijumaa alikuja jirani yake na karatasi ya ombi lake tuliyompa siku ya kwanza, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Walikuwa wamemzika Jumatano. “Aliniambia niirudishe,” jirani akasema, “ili usiendelee kuhangaika bure.”

Nikampigia mwenzangu.

“Dada, iko kesi moja ya kufunga, mwenyewe alikufa. Niiweke majani?”

“Kijani? Hapana, baba. Kijani ni wale wanaosubiri kupigiwa simu. Ya kufunga ni manjano.”

“Ndiyo, majani.”

“Manjano, baba. Kama binzari.”

“Jone?” nikauliza.

“Jone, eeh.”

Nikaiondoa makro. Mistari ya kijani ikarudi mahali pake, mingi. Wa 119 ulikuwa wa mwanamke wa Butihinda anayemtafuta kaka yake huko Makebuko. Jina la baba lilikuwepo, jina la kilima walikozaliwa, namba ya simu. Pembeni mwenzangu alikuwa ameandika: anauliza kila wiki.

Kuirekebisha makro kulihitaji kubadili namba moja, ile ya rangi. Mwezi haukwisha, wengine wote wa kijani walikuwa wamepigiwa simu, na watu walituletea ndizi kushukuru. Wakuu waliponiuliza kuhusu yule wa Makebuko, nilisema faili ya Butihinda ilichelewa. Mwenzangu akaandikiwa barua ya onyo. Hakujibu neno, nami sikusema neno.

Sasa nimestaafu. Jumanne, kabla ya sala ya adhuhuri, nasikia mtu akikohoa nje ya mlango, halafu ananyamaza kama anayengoja kipite. Mwanzoni nilikuwa nikienda kufungua. Kitabu chochote nikisomacho, nikifika ukurasa wa 118, natupa jicho haraka ukurasa wa pili nione kama 119 upo. Mke wangu anasema ni uzee. Simbishii.

Mwaka huu niliamua kwenda. Mafuta ya gari hayapatikani. Nilingoja siku mbili ndipo nikapata basi la Muyinga, kisha nikapanda baiskeli ya kukodi hadi Butihinda. Nilianza kwa mwenzangu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

“Barua ile ninayo,” akasema. “Nilidhani ni mimi niliyetamka vibaya.”

Akanipeleka kwa yule dada. Tulimkuta akianika maharage kwenye mkeka. Habari ya kifo alikuwa ameipata wakati ule ule. Sababu ya kutopigiwa simu mapema alikuwa hajaambiwa. Nilimwambia neno lenyewe, rangi, mistari iliyofichwa, barua. Mikono yake iliendelea kutandaza maharage.

“Alikuja mara ngapi?”

“Tisa.”

“Mimi nilikuwa nakwenda kwa huyu kila Alhamisi.” Akamtazama mwenzangu, kisha mimi. “Sina picha yake, baba. Kule Makebuko nilionyeshwa kaburi tu. Wewe ulikaa naye. Alifananaje?”

Nikamwambia alikohoa. Nikamwambia utani wake kuhusu mashine, na kwamba alivaa viatu vya plastiki.

“Uso, baba.”

Nilitafuta. Nilijiona mezani, mkono juu ya kitufe, namba zikishuka kwenye kioo, na sauti yake ikitokea upande wa pili. Mara tisa alikaa mbele yangu, na mara zote tisa nilikuwa nikitazama kompyuta.

Akafuta mikono kwenye kitenge, akasogea mpaka akawa mbele yangu kabisa, akavua kitambaa cha kichwani.

“Basi nitazame mimi,” akasema. “Tulifanana?”

Nikamtazama: paji la uso, macho, kovu dogo kwenye kidevu. Nilimtazama kwa muda mrefu, naye akangoja. Sikuweza kusema ndiyo, na sikuweza kusema hapana.