Vumbi la Mama Mdogo Zuhura

Nikiwa mtoto sikujua kwamba kuna watu wanaoishi kwenye nyumba zisizoingia vumbi. Sisi tulikaa Shumaisi, mtaa wa zamani katikati ya Riyadh, na vumbi la jangwani liliingia hata madirisha yakifungwa na kuzibwa kwa vitambaa. Baba alikuwa fundi wa viyoyozi. Mama alikuwa na ufagio wake, na hakuna siku aliyopitisha bila kuushika, isipokuwa siku hizi ninazozisimulia.

Kwao Mama, Kisauni, pwani ya Kenya, msafiri akitoka nyumba haifagiwi mpaka ipatikane habari kwamba amefika. Ukifagia umeondoa nyayo zake, naye hatapata njia ya kurudia. Nyanya aliushika mwiko huu kwa sababu aliuona ukitimia. Dada yake Fatuma alikwenda Maskati kufanya kazi, na asubuhi ileile nyumba ikafagiwa kwa kuwa kulikuwa na wageni. Fatuma hakurudi. Kabla yake shangazi yao alikwenda hija akapotelea hukohuko. Basi ikawa inasemwa kwamba kila kizazi chetu hutoa mwanamke mmoja akabaki Arabuni. Ilisemwa kwa sauti ya kawaida tu, kama watu wanavyosema ukoo fulani una kisukari.

Kisha ikaja ile miaka ya mawakala, wasichana wakawa wanaondoka Kenya makundi kwa makundi, na mama mdogo Zuhura, mdogo wake Mama, akawa mmoja wao. Bahati ilimleta Riyadh, kwenye nyumba moja upande wa Sulimaniya. Mara mojamoja madam wake alimruhusu aje kwetu Ijumaa. Alikuwa akimwigiza madam anavyoita, "Zuhura, yalla!" yaani haya, haraka, hata Zuhura akiwa amesimama mbele yake, nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nilimpenda kuliko mtu yeyote ambaye hakuwa mama yangu.

Ndipo bosi, mume wa madam, mama yake akaugua Jeddah, ikaamuliwa Zuhura akamuuguze. Alikuja kutuaga, akala, akaondoka. Mama alichukua ufagio akausimamisha nyuma ya mlango wa jikoni. Jioni Zuhura akapiga simu.

"Dada, begi langu limeshaingia garini, nami bado nafagia sebule. Madam hataki kuacha nyumba chafu."

"Wajifagilia nyuma yako mwenyewe, Zuhura?"

"Nimwambieje sasa? Mamangu wa Kisauni amekataza?"

Zuhura alicheka. Mama alikaa kitako sakafuni, simu mkononi. Mwanamke ambaye kazi yake ni kufagia atautunza vipi mwiko wa kutofagia? Tangu jioni hiyo simu ya Zuhura haikupatikana tena.

Wala jangwa halikutuhurumia. Ikaja dhoruba ya vumbi iliyofanya adhuhuri iwe rangi ya chungwa, na ilipopita, nyumba yetu nzima ilikuwa na tabaka la mchanga laini. Mama alipangusa vyombo, alifua, alipika, lakini sakafu hakuigusa. Nilitembea kwa kukanyaga palepale nilipokanyaga jana, maana nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba nikiharibu vumbi lile, mama mdogo atakufa. Niliogopa sana, na hakuna aliyeniuliza.

Baba alikuwa mtu wa kupangusa hata bisibisi zake kabla ya kulala. "Mama Rukia," alisema, "hapa tunaishi au tunachimba mchanga?"

Mwishowe alimpigia bosi wa Zuhura. Sauti ya bosi ilisikika chumba kizima: "Zuhura kuwais. Mafi mushkila."

"Umesikia?" Baba akasema. "Mzima, hana tatizo. Halas, fagia."

"Nimemsikia bosi," Mama akajibu. "Zuhura sijamsikia."

Walinuniana. Kisha siku moja Baba alitafuna wali, meno yakasaga mchanga, akaweka kijiko chini polepole. "Haya," akasema. "Nitakwenda Jeddah nikakuletee hilo neno, nipate kula." Ninaisimulia kama ilivyokuwa: baba yangu hakusafiri kwa sababu alihofia hali ya shemeji yake. Alisafiri kwa sababu alichoshwa na vumbi.

Njia ya kufika kwenye nyumba ile aliipata kwa Mutua, dereva wa bosi, Mkamba, aliyewapeleka Zuhura na mabosi wake Jeddah na kurudi na gari. "Fundi, nitakuelekeza," Mutua alimwambia, "lakini usiseme ni mimi. Simu yake madam alichukua siku ile ile tulifika. Mimi sikutaka maneno na bosi."

Baba alipanda basi. Alimkuta Zuhura kwenye kijichumba karibu na jiko, mguu umevimba mpaka gotini. Maji ya moto yalikuwa yamemmwagikia, naye aliendelea kumwinua na kumwogesha yule bibi mgonjwa, kwa kuwa kila akiketi huitwa yalla. Homa ilimpanda hata akamwita Baba kwa jina la marehemu babu. Bosi alishtuka. Madam ndiye aliyekuwa amemwambia mafi mushkila, naye akalipitisha neno hilo kama alivyolipokea. Bosi alimpeleka Zuhura hospitali yeye mwenyewe, na huko daktari akasema sumu ya kidonda imeanza kuingia kwenye damu, na kwamba wangechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumzia mazishi.

Simu ikalia. Mama akaiweka sauti juu. Ilikuwa sauti nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Dada. Nimefika."

 Mama aliniachia simu mimi, akaenda nyuma ya mlango wa jikoni. Alifagia huku akilia, akajaza ndoo, akamwaga, akajaza tena, nami nikampa mama mdogo habari zote za shuleni kwa sababu sikujua la kusema.

Zuhura alimaliza mkataba wake akarudi Kisauni, anachechemea kidogo. Miaka mingi baadaye nilimsimulia Nyanya kisa kizima, nikidhani atafurahi kwamba mwiko wake ulimwokoa mwanawe. Hakufurahi. Aliuliza jambo moja tu.

"Babako alikwenda mwenyewe?"

"Alikwenda, Nyanya."

Alikunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Fatuma hatukumwendea," akasema. "Wageni waliopita baadaye walisema wamesikia yu mzima. Nyumba ilikuwa safi, tukakaa."

Sijui kama ufagio una nguvu juu ya miguu ya mtu aliye mbali. Nimesoma, nimesafiri, na bado sijui. Lakini mtu wetu akiondoka, sifagii. Mume wangu hulalamika, na watoto huandika majina yao sakafuni kwa vidole. Vumbi likinikera, napiga simu, na nikijibiwa na mtu mwingine, naomba nipewe mwenyewe.