Swali la Mtumbwi

Siku yangu ya kwanza kazini, prefe wa shule ya sekondari ya Lubondja, yaani mkuu wa shule, alinipa nusu boksi ya chaki, daftari la maandalio na onyo. "Mwalimu, hapa hatuangalii nani anajua kufikiri. Tunaangalia nani amepita egzame, ule mtihani wa serikali. Umesikia?" Nilisema nimesikia. Nilikuwa kijana mwenye diploma mpya na suruali moja, na moyoni nilimdharau yule mzee. Miaka michache baadaye nilikuwa nasema maneno yake yale yale mbele ya kalasi yangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nilifundisha hesabu na mantiki. Ninyi walimu vijana mnadhani mantiki ni mapambo ya wasomi. Acheni hizo. Mwanafunzi alipaswa kutofautisha vitu viwili tu. Kuna sharti la lazima: bila hilo jambo haliwezi kuwa, lakini kuwa nalo peke yake hakutoshi. Na kuna sharti la kutosha: likiwapo, jambo lipo bila shaka, ingawa lingeweza kuja kwa njia nyingine pia. Nilikuwa nawauliza, bila moto sombe inaiva? Haiivi. Haya, ukishawasha moto, tayari una sombe? Mabinti walicheka, maana ndio waliokuwa wanatwanga yale majani ya muhogo nyumbani. Halafu nilisema: kuku ukimkata kichwa, amekufa, hilo latosha. Lakini ukimkuta kuku amekufa, usiseme amekatwa kichwa. Hata mzembe wa nyuma kabisa alielewa. Lubondja nilifundisha vizuri, nalisema bila aibu.

Kisha nikahamishiwa Baraka, kalasi ya sita, wale wa kufunga masomo. Huko hapakuwa na kuku wala sombe. Palikuwa na maswali ya kuchagua, majibu matano kila swali, mwanafunzi anaandika namba tu. Ofisi ya ukaguzi ilituletea egzame ya majaribio pamoja na karatasi ya majibu, nasi tuliwazoeza watoto kwa hiyo karatasi. Swali moja lilikuwa hivi: ili kuvuka ziwa, lazima mtu awe na mtumbwi; Saleh ana mtumbwi; basi tunajua nini? Jibu la kwanza: Saleh amevuka. Jibu la tatu: hatujui kama Saleh amevuka. Karatasi ilisema sahihi ni la kwanza.

Nilidhani ni makosa ya mashine ya kuandikia. Nikamwendea enspekteri, yaani mkaguzi wetu, na kalamu mkononi. Hata hakunikaribisha kiti.

"Mwalimu, hii karatasi inatoka juu. Wewe unatoka wapi?"

"Natoka kalasini, enspekteri. Mtumbwi ni sharti la lazima, si la kutosha. Muntu anaweza kuwa nao na akalala nyumbani."

"Ukifundisha la tatu, batoto bako bataanguka. Na wewe nitakutafutia shule huko Lulimba, kwenye mashimo ya dhahabu. Chagua."

Nikachagua. Niliwafikiria watoto, ndiyo, na mama zao waliobeba makaa kichwani ili wasome. Lakini nisiwadanganye tena: niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Kesho yake nikauliza, "Swali la mtumbwi?" Kalasi nzima ikaitikia, "La kwanza." Niliwakaririsha hivyo kila asubuhi, na kiongozi wa kuitikia alikuwa kapiteni wa kalasi, Wilondja, kijana mwenye akili kuliko wote. Siku ya kwanza aliinua mkono akasema jibu lile halioni kuwa sawa. Nilimwambia akae chini. Mwaka ule kalasi yote ilipita, na enspekteri akanipa mkono mbele ya wazazi.

Vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Baraka ilikimbia kwa siku moja, wenye mitumbwi na wasio nayo, kuelekea Tanzania. Mimi nilirudi, na aliyerudi pamoja nami ni Rukundo, mwalimu wa jografia. Tangu Lubondja tulikuwa tunakaa benchi moja na kugawana chaki. Watu wake ni wafugaji wa milimani, na lugha ya nyumbani kwao ni Kinyarwanda. Asubuhi moja alitaka kwenda Lubondja kuwachukua mke wake na watoto, waliokuwa wamefichwa na jirani. Nikasema namsindikiza, maana mimi ni Mubembe, mtu wa kabila la hapa, na njia ile najulikana.

Kabla ya nusu ya njia tukakuta barieri: kamba imefungwa mti hadi mti, vijana sita na bunduki. Mkubwa wao alikuwa Wilondja. Alinisalimu kwa mikono miwili kama mwanafunzi mwenye adabu.

"Mwalimu wangu, pita. Huyu anabaki."

"Anabaki kwa nini?"

"Badui bote banasema Kinyarwanda. Huyu anasema Kinyarwanda. Basi ni adui."

Nilimwuliza, hilo neno lake la mwanzo nani amelihakikisha? Nikamwambia, hata lingekuwa kweli, lugha ingekuwa sharti la lazima tu, na haitoshi kumfanya muntu adui. Hata mchungaji wa kanisa la juu anaisema, na watoto wa huyu hapa wanaisema wakilia. Wilondja akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, bila dharau yoyote:

"Mwalimu, ile njo swali ya mtumbwi. Jibu ni ya kwanza. Njo wewe ulitufundisha. Mi nilipata alama yote."

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia enspekteri aliyekuwa amelala salama ng'ambo, na zaidi ya wote nilijikasirikia mimi. Rukundo alikuwa amesimama kando, mikono kichwani, anatazama kamba.

"Wilondja, baba yako alikuwa na mtumbwi?"

"Alikuwa nao."

"Siku Baraka ilipokimbia, alivuka?"

Mtaa mzima ulijua. Mama mzee wa baba yake alikuwa hawezi kunyanyuliwa kitandani, na baba yake alikaa naye, mtumbwi umefungwa pale pale ufukweni. Wote wawili waliuawa ndani ya nyumba.

"Hakuvuka," akasema.

"Basi jibu la kwanza ni uongo. Nilijua ni uongo siku ile niliyokukalisha chini. Nilikudanganya, mutoto wangu, kwa sababu niliogopa kupoteza kazi."

Mmoja wa wale vijana akauliza wanangoja nini. Wilondja akamrudisha nyuma kwa mkono, akanigeukia.

"Na alama ulinipa za nini?"

Akaishusha kamba mwenyewe. "Mupite. Bote wawili. Musisimame."

Tulitembea mpaka barieri ilipopotea nyuma. Ndipo Rukundo akaniuliza, "Ulijua tangu mwaka ule?"

"Nilijua."

Akahamishia mfuko wake bega la pili, akatangulia. Kule Lubondja aliwachukua mke na watoto, wakapanda milimani siku ile ile. Hakuniaga, na sijapata barua yake mpaka leo.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Direkta mpya wa shule akasimama kusifu mwaka ule kalasi yote ilipopita. Nikamkatiza, nikawaambia jibu la mtumbwi ni la tatu. Watu wakatazamana, wakadhani ni uzee. Sasa walimu vijana wenzenu wanatoka hata Lusenda kuja kuniomba vitabu vyangu vya zamani vya majibu, wanataka namba tu, wakawaimbishe watoto. Nawafukuza uani, na sijutii.

Wilondja alisahihishwa, tena kwa kuchelewa, na ilikuwa karibu Rukundo alipe kwa maisha yake. Wengine wa kalasi ile walisambaa kwenye barieri nyingine ambazo mimi sikupita. Wale wamebaki na alama zao nzuri na jibu la kwanza.