Masikio Niliyoyafunga

Kompyuta ilipoletwa studio, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mwenye studio aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, kisha akanikabidhi mimi kwa kuwa nilikuwa nimesomea taipu. Ilikuja na skana na programu ya kupanga na kurekebisha picha. Nilijifunza kwa kuharibu. Baada ya miezi michache nilikuwa nimezigawa picha zote mafungu matatu: harusi, vitambulisho, mazishi. Fungu la mazishi ndilo lililojaa upesi.

Wazee wa Nyeri hawakuwa na mazoea ya kupigwa picha wakiwa peke yao. Mtu akifa, jamaa walileta picha ya harusi ya mjukuu, na mimi nikamtoa marehemu katikati ya umati, nikamwondolea soda mkononi, nikamvisha koti. Koti lenyewe lilikuwa moja, la kijivu, nililolitoa kwenye picha ya diwani fulani. Wanaume wengi wa Tetu walizikwa nalo, na hakuna aliyelalamika. Nilijiona fundi, na sikupenda kuulizwa maswali.

Jumanne moja asubuhi alikuja mwanamke wa makamo kutoka Ruring'u, amefunga kitambaa cha akina mama wa kanisa. Alileta picha ya mama yake ya kuwekwa mbele ya kijitabu cha mazishi. Vijitabu vilikuwa vichapwe Jumatano, mazishi Alhamisi. Katika picha bibi ameketi uani, amekaza macho kwa sababu ya jua. Masikio yake yalikuwa yametogwa na kupanuliwa tangu usichana, kama ilivyokuwa desturi zamani, na ndewe zake zilining'inia karibu na mabega.

"Hizo masikio ufunge," akaniambia. "Mama alikuwa ameokoka. Watu wa kanisa watatoka mbali, sitaki waone ni kama alikuwa mtu wa zamani."

Ile programu ilikuwa na kitu kama mhuri: unachota ngozi mahali pazuri, unaigonga mahali pabaya. Nilichota shavuni, nikagonga, nikachota shingoni, nikagonga. Kufikia saa saba bibi alikuwa na masikio madogo, safi, ya mwalimu wa Sande skuli. Nikahifadhi juu ya faili ileile, kwa kuwa mashine ilikuwa imejaa na mwenye studio alikataza nakala mbili za kitu kimoja. Binti alirudi, akatazama, akaridhika. Nilipomuuliza kuhusu ile picha ya karatasi alisema haina kazi tena. Nikaitia kwenye pipa, na jioni takataka zikachomwa nyuma ya duka kama siku zote.

Jumatano, hata kabla hatujafagia, aliingia mzee mmoja amevaa gambuti na koti la kanisani. Alijitambulisha kuwa ndiye mume wa marehemu, na kwamba amekuja kumwona. Nikamgeuzia skrini, nikisubiri sifa.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama, mzee."

"Ati mama? Hapana."

Akavua kofia. Chini ya kila sikio lake palikuwa na kovu fupi, nene.

"Mimi walinishona nikiwa kijana, ndio nibatizwe. Yeye alikataa. Mapasta watatu walikuja kwa nyumba, wote akawakatalia. Sasa umemshona wewe."

Niliona aibu. Nilimweleza kwamba picha ya karatasi imeungua na ya kwenye mashine nimeifuta mwenyewe. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alisema hataki kugombana na mtoto wake kabla mama hajazikwa, kisha akauliza kama mashine inaweza kuchora. Nikamwambia tujaribu.

Alikaa kwenye stuli ya wateja, akanieleza. Unene wa ndewe za mkewe ulikuwa wa kidole kidogo. Wakati wa kuchuma kahawa alizikunja juu ya sikio zisinaswe na matawi. Nilitengeneza sikio la kulia kwa ngozi ya shingo, kazi ya saa mbili nzima. Kisha, kwa uvivu, nikalinakili, nikaligeuza, nikalibandika kushoto. Mzee akavaa kofia yake.

"Amekaribia kuwa yeye," akasema, akaenda kuwaona wachimba kaburi.

Binti alikuja alasiri kuchukua kazi yake aipeleke kwa mchapaji. Ningeweza kudanganya kwamba mashine imeharibika, lakini niligeuza skrini tu, nikamwambia baba yake alikuwa hapa. Nikasubiri matusi, maana nilistahili kutoka pande zote mbili. Hakutukana. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kioo.

"Umefanya zikuwe sawa," akasema. "Hazikuwa sawa. Hiyo ya kushoto ilikuwa refu."

"Mzee hakuniambia."

"Angejulia wapi? Ni mimi nilikuwa naishika akinibeba mgongoni. Ni mimi niliivuta."

Nilimuuliza anataka ipi iende kwa mchapaji, hii au ile ya masikio madogo, kwa kuwa safari hii sikuwa nimeifuta. Alivuta stuli, akaketi karibu nami, akafungua kitambaa chake cha kanisa na kukiweka magotini.

"Shusha kidogo," akasema.

Nikaishusha ile ndewe ya kushoto.

"Bado."