Mama Aliyemlilia Msafiri wa Wakati

Leo nimelia kwenye bodaboda kutoka Isongole mpaka Bulyaga, na hakuna mtu aliyekufa.

Jirani yetu alinipigia: "Mwanangu, njoo nyumbani."

Kuna nini? Hasemi. Huku kwetu msiba hautajwi kwenye simu.

Kichwani nikawa na baba tu, presha yake si mnaijua.

Nafika, uwanja umejaa akina mama wamejifunga kanga kiunoni, mikungu ya ndizi imeshatuliwa.

Ndani, mama analia mbele ya runinga aliyoizima. "Amekufa yule wangu anayesafiri enzi kwa enzi!"

Jamani! Shujaa wa tamthilia! Mama kapiga yowe moja, mtaa mzima ukaja. Kwetu unafika kwanza, nani kafa utauliza baadaye.

Na wala hajafa! Huyo huwa anaamka na sura nyingine. Mama alizima mapema.

Mara baba akatokea uani na shoka, alikuwa anapasua kuni za msiba. Nikamkumbatia huku nalia upya, mpaka kofia yake ikadondoka.

Akanipigapiga mgongoni: "Pole, mwanangu. Kumbe na wewe ulikuwa unampenda hivyo?"

Nyie mngemjibu nini?